Nimeacha dawa ya presha na kuanza kitunguu saumu: je, nimepona?

"Habari za kazi daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza chakula kwenye kibanda changu. Mwezi wa tatu nilipimwa presha kituo cha afya nikakutwa na 168/102. Niliporudi wiki iliyofuata ilikuwa 164/100, nikaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Nimeitumia miezi miwili, presha ikashuka mpaka 132/84, lakini miguu ikaanza kuvimba, ikifika jioni viatu havivaliki. Mwenzangu wa kwenye kikoba akaniambia hizi dawa zinaua figo na ukishazizoea huachi mpaka unaingia kaburini. Yeye anakunywa kitunguu saumu kilichotwangwa na limao asubuhi, usiku anatafuna mbegu za mlonge, na yuko sawa. Nimeacha vidonge leo siku ya nne, nimeanza hiyo tiba ya asili, na jana nimepima duka la dawa nimekuta 136/86. Kijana wangu ananigombeza sana. Vidonge bado ninavyo ndani, nikisikia kisogo kinauma nitameza kimoja. Chumvi mbichi siweki kabisa mezani, napikia tu. Naomba ukweli: naweza kuendelea na vitu vya asili peke yake?"

Dada yangu, ngoja nianze na hizo siku nne, maana ndizo zinazokudanganya.

Amlodipini ni dawa inayokaa sana mwilini. Nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka, kisha nusu ya kilichobaki huchukua muda uleule tena, na kuendelea hivyo. Wewe uliyeimeza kila siku kwa miezi miwili ulikuwa umejiwekea akiba. Ni kama jiko la mkaa: ukiacha kuongeza mkaa saa sita, saa nane bado linachemsha chai. Ulipopima jana, kilichokuwa kinaishikilia presha yako kwa sehemu kubwa ni masalia ya vidonge vya wiki iliyopita, sifa zikaenda kwa kitunguu saumu. Halafu zitazame vizuri namba zako mwenyewe. Ukiwa na dawa ulikuwa 132/84, sasa ni 136/86. Tofauti ndogo namna hiyo haithibitishi kitu, kwa sababu presha hupanda na kushuka kutwa nzima, ila kwa vyovyote huwezi kuiita kushuka. Presha yako yenyewe, isiyo na dawa, utaiona wiki ya pili au ya tatu, na nina wasiwasi itakuwa jirani na ile 168 uliyoanzia.

Shuhuda nyingi za tiba ya presha zinazaliwa hivi hivi. Mtu anaacha vidonge Jumatatu, Jumanne anaanza unga wa mizizi, Ijumaa anapimwa yuko vizuri, Jumapili anawatangazia wenzake. Wiki ya tatu hapimi tena kwa kuwa anajisikia mzima. Mwenzako wa kikoba simjui na simkatalii kwamba yuko sawa. Ningependa tu kujua mara ya mwisho kupima ilikuwa lini, na kama aliwahi kuwa na 168 kama wewe.

Kwa sababu presha ya juu, kwa watu wengi, haiumi kabisa. Kliniki napokea watu wenye 170 waliolala usingizi mnono na kuamka na hamu ya supu, na wengine wenye 120 ambao kichwa kinawagonga kutwa kwa njaa, usingizi haba au macho yanayohitaji miwani. Kisogo chako hakiwezi kukupimia presha. Na hata kingeweza, ule mpango wa kumeza kimoja kikianza kuuma usingesaidia: amlodipini hufika kilele chake kwenye damu baada ya saa 6 hadi 12, na nguvu yake kamili huonekana baada ya kuimeza kila siku kwa wiki hivi. Kichwa kitakuwa kimeshapoa chenyewe, na wewe utaamini kidonge ndicho kilichokitoa.

Sasa hili la figo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba. Damu ikipita humo kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, vinapata makovu na kuziba kimoja kimoja. Presha ndiyo inayofanya hivyo. Mtu akifika kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa amemeza dawa za presha kwa miaka kumi, majirani wanakihesabu kidonge kwa sababu ndicho walichokiona. Hawaihesabu miaka aliyokaa na presha bila kujua, wala ile miezi aliyokuwa anameza akikumbuka. Dawa ambazo kweli huumiza figo, na juu yake hupandisha presha, ni zile za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua kama njugu. Mama anayesimama jikoni tangu alfajiri mgongo lazima umsumbue. Kama unazimeza mara kwa mara, hapo ndipo pa kuanza kuacha, na kwa maumivu tumia parasetamoli huku ukitafuta chanzo.

Na "kuzoea dawa"? Amlodipini haina ulevi. Ukiiacha presha inarudi ilipokuwa, kwa sababu chanzo chake hakijaondoka, kama ambavyo ukivua miwani herufi zinarudi kuwa ukungu.

Miguu kuvimba, hapo una haki ya kulalamika, na ulitakiwa kuambiwa mapema. Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu miguuni zaidi ya inavyolegeza ile inayoirudisha. Maji ya damu yanapenya na kubaki kwenye nyama, na ukiwa umesimama kutwa yanashuka kwenye vifundo. Ndiyo maana asubuhi viatu vinaingia na jioni vinagoma. Dalili hiyo peke yake haimaanishi figo zimekufa, lakini mkojo wako upimwe kama una protini ili tuwe na uhakika. Dawa za kukojoza haziondoi uvimbe wa aina hii vizuri. Kinachosaidia ni kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine ya kundi la losartani au lisinopili, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe wenyewe. Kama bado unapata siku zako na mimba inawezekana, lisemeni hilo kwanza, kwa sababu hizo mbili hazifai kwa mjamzito. Unaona kwamba kati ya kuvumilia miguu na kutupa dawa kulikuwa na njia tatu au nne ambazo hukupewa nafasi ya kuzijua.

Nimekwisha kukugombeza pamoja na kijana wako, basi. Sasa tuzungumze kuhusu vitu vya asili, na hapa huenda ukanishangaa, kwa sababu mimi ni muumini wake. Ninachokataa ni kuvitumia kama hirizi. Njia zisizo za vidonge zina dozi, zina muda wa kufanya kazi na zina kikomo, sawasawa na vidonge. Na zenye nguvu zaidi ndizo ambazo mwenzako hakuzitaja.

Ya kwanza ni chumvi, na wewe unaipakua kila siku.

Ukila chumvi nyingi, figo hushindwa kuitoa yote kwa wakati. Chumvi inayobaki inashikilia maji, damu inaongezeka ujazo, na figo zinalazimika kufanya kazi kwa presha ya juu ili ziweze kuitoa. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, mishipa yenyewe hukakamaa. Ushahidi mmojawapo mzuri kabisa duniani umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohamia mjini zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu, ambayo ndiyo iliyo ndani ya chumvi, imeongezeka, na potasiamu, ambayo hutoka kwenye mboga, matunda na viazi, imepungua. Ukoo uleule, damu ileile, chakula kingine.

Uliniambia chumvi mbichi huweki mezani. Hilo nalisikia kila wiki, kwamba iliyopikwa haina madhara. Moto haubadilishi chumvi. Ukiitia kwenye maharage yanayochemka au ukainyunyiza kwenye yai sahanini, sodiamu ni ileile na figo haijui tofauti. Ya pinki ya dukani na ya mawe nazo ni ndugu moja na hiyo. Magadi vilevile: yale unayotia kwenye mlenda, makande na maharage ili yaive upesi ni sodiamu nyingine inayoingia bila kuhesabiwa, na kwa kuwa haina ladha ya chumvi hakuna anayeishuku. Ongeza vile viungo vya mchemraba vya kukolezea mchuzi, ng'onda, dagaa wa chumvi, achari, na mkate wa asubuhi. Tena wewe ni mpishi. Kila sufuria unaonja mara tatu, nne, na ulimi uliozoea chumvi unadai zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kikijumlisha kila kitu. Nani anapima gramu jikoni? Fanya hivi: ukifungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo kwa matumizi ya nyumbani, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Kaya ya watu watano ikiimaliza ndani ya siku 20, tayari imefika kikomo bila kuhesabu mkate, mchemraba wala magadi. Ikiisha kwa siku kumi, jibu unalo. Lenga ifike mwezi na zaidi. Punguza taratibu, robo moja kila wiki mbili, maana ulimi hujirekebisha baada ya wiki kadhaa, na wateja wako nao hawatagundua mabadiliko madogo madogo. Maharage yaloweke usiku kucha badala ya kutia magadi. Mchemraba uachane nao kabisa. Karoti, pilipili hoho, tangawizi, binzari, bizari nzima na kitunguu vinatosha. Limao lako nalo hapa linapata kazi ya maana, likikamuliwa juu ya samaki au mchicha mwishoni, ulimi hausikii sana kwamba chumvi imepungua. Halina uwezo wa kuyeyusha mafuta kwenye mishipa, wala damu haigeuki kuwa nyepesi kwa sababu ya uchachu. Ila kwa kuchukua nafasi ya chumvi, nalikubali kwa mikono miwili.

Ya pili ni kile unachoongeza kwenye sahani. Marekani mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 459, liitwalo DASH, waliopikiwa vyakula vya aina tatu tofauti kwa wiki nane. Waliopewa matunda na mboga kwa wingi pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi, na ambao walikuwa na presha ya juu, walishuka kwa wastani wa alama 11 kwenye namba ya juu kuliko wenzao wa chakula cha kawaida. Kinachonivutia ni kwamba chumvi haikupunguzwa na uzito haukuruhusiwa kubadilika. Mabadiliko yalianza kuonekana ndani ya wiki mbili. Potasiamu inaisaidia figo kuitoa sodiamu. Usitafute kopo la virutubisho. Kwetu hii ni matembele, mchicha, kisamvu, maharage, kunde, ndizi za kupika, viazi vitamu, parachichi, chungwa, maji ya dafu, mtindi. Tatizo la sahani zetu za kibanda unalijua kuliko mimi: kilima cha wali, mchuzi, na mboga za majani zimekaa pembeni kama pambo. Geuza vipimo. Tahadhari moja tu: ambaye figo zake zimeshaharibika, au anayetumia losartani, lisinopili au spironolaktoni, asikimbilie potasiamu nyingi, hasa zile chumvi mbadala za potasiamu, kabla ya kupima damu.

Mazoezi nitayasema kwa kifupi kwa sababu unayajua. Kusimama kibandani kutwa kunachosha miguu, ila moyo hauzoezwi kwa kusimama. Dakika 30 za kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, siku tano kwa wiki, hushusha namba ya juu kwa takriban alama 5 hadi 8 kwa mwenye presha, kwa sababu mishipa inajifunza kutanuka. Kama njia ya kwenda sokoni inachukua bodaboda ya dakika tano, kuitembea kwa miguu ni zoezi lako tayari. Uzito ukizidi, kila kilo inayopungua hushusha takriban alama moja. Na muulize anayelala nawe kama unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Huo ni ugonjwa unaopandisha presha na una tiba yake.

Sasa vile vya mwenzako. Kitunguu saumu kina kitu ndani yake, sikifichi. Majaribio kadhaa, mengi yakitumia vidonge vya kitunguu kilichokaushwa au kuvundikwa na vyenye kipimo maalumu, yameonyesha kinashusha presha kidogo kwa watu wenye presha ya juu. Punje mbili zilizotwangwa kwenye limao hazina kipimo kinachojulikana: leo kubwa, kesho ndogo, keshokutwa imekaa juani. Mbegu za mlonge zina sifa kubwa kuliko ushahidi. Kazi nyingi zimefanywa kwa panya, na kwa binadamu hatuna cha kukupa namba. Majani yake ni mboga nzuri, yapike kama mchicha. Mizizi na magome yake usiguse, yana sumu.

Kama ungeniuliza nichague kinywaji kimoja cha asili, ningechagua choya, wengine wanaiita rozela. Boston, Marekani, watu 65 wenye presha iliyoinuka kidogo waligawanywa makundi mawili, wengine wakanywa vikombe vitatu vya chai ya choya kwa siku, wengine kinywaji cha kufanana nayo kisicho na choya. Baada ya wiki sita, walioinywa walishuka alama 7 na wenzao alama 1 hivi, kwa namba ya juu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010. Ni jaribio dogo, la wiki chache, na watu wake hawakuwa na 168, lakini ni ushahidi wa kweli wa kitu ambacho Dodoma kinauzwa kwa mafungu. Ubaya ni namna tunavyoitengeneza: juisi ya choya ya mtaani ni sukari iliyotiwa rangi nyekundu. Chemsha choya iliyokaushwa, iache ipoe, inywe bila sukari au weka kipande cha nanasi. Usiifanye badala ya dawa, na mwambie daktari kwamba unaitumia, kwa sababu inaweza kuongezea nguvu dawa ukajikuta unapata kizunguzungu.

Unga usio na jina, unaouzwa kwenye kikopo na muuzaji anayesema unatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, huo sina la kuujadili. Hujui kilichomo, na pengine hata yeye hajui.

Basi tufanye hesabu, maana swali lako ni kama vitu vya asili vinatosha peke yake. Tuseme umepunguza chumvi kweli, umebadilisha sahani, unatembea, umepungua kilo nne. Faida hizi hazijumlishwi moja kwa moja, zinaingiliana. Kwa uzoefu na kwa tafiti, mtu anayejituma anaweza kushuka alama 10 hadi 15, mwenye bahati 20. Toa 15 kwenye 168, unabaki na 153. Bado iko juu ya 140, na bado mishipa ya ubongo inaumia. Mtu aliyeanzia 144/92, asiye na kisukari wala tatizo la figo, ningemwambia tujaribu miezi mitatu bila kidonge na kwa moyo mweupe. Wewe hukuanzia hapo.

Kabla ya dawa hizi kupatikana, wenye presha kali walikuwa na hizi njia peke yake. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa 186/108 mwezi Machi 1944. Akapunguziwa chumvi, sigara na kazi, akapewa dawa ya moyo, lakini ya kushusha presha kama zako haikuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 alipata kiharusi na kufa siku hiyohiyo, presha yake ikiwa imepita 300. Huyo alikuwa na madaktari nyumbani.

Ila kuna habari njema ambayo mwenzako hakukupa, na inahusu hasa kile unachokitaka. Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine la Marekani la wazee 975 wa miaka 60 hadi 80. Wote walikuwa wanatumia dawa ya presha na presha zao zilikuwa zimetulia chini ya 145/85. Baadhi yao walifundishwa kwanza kupunguza chumvi, na baadhi ya wanene wakafundishwa kupunguza uzito, kisha baada ya miezi kama mitatu ndipo wote wakaachishwa dawa chini ya uangalizi. Katika waliopunguza chumvi, kama 38 kwa kila 100 waliendelea mpaka mwisho bila presha kurudi na bila kidonge. Wasiofundishwa kupunguza chumvi, 24. Kwa wanene waliofanya yote mawili, chumvi na uzito, walifika karibu 44, dhidi ya 16 kwa wanene wasiofundishwa lolote. Soma namba hizo pande zote mbili: wapo wanaoacha dawa kihalali, na zaidi ya nusu presha iliwarudia au walirudi kwenye dawa hata baada ya kujitahidi. Na mpangilio ulikuwa maisha kwanza, dawa mwisho, kipimo mkononi. Wewe umeanza kwa kuacha.

Kwa hiyo, kama aliyekuandikia dawa hajakuelekeza vingine, rudi kwenye kidonge chako kimoja cha kila siku leo, na wiki hii hii nenda kituo cha afya. Sema wazi: nilikiacha siku nne, miguu inavimba, nataka dawa nyingine au dozi nyingine. Usione aibu; wanaoacha kimya kimya ndio wanaotuletea shida. Omba kipimo cha figo kwenye damu, protini kwenye mkojo, sukari na potasiamu. Halafu anza chumvi, sahani na kutembea, na mueleze daktari kwamba lengo lako ni kupunguziwa dawa baada ya miezi sita ikiwa namba zitaruhusu. Daktari mzuri atalipenda lengo hilo. Wengine watakukatalia bila sababu, omba sababu.

Ukiweza nunueni mashine ya kupimia, hata kikoba kizima kwa mashine moja. Iwe ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, kwa sababu za kifundo cha mkono hukosea kirahisi, na mkanda uwe unatosha mkono wako, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa au kupanda kilima nusu saa iliyopita. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee, hata kujibu salamu. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya kidonge na jioni, siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani tunataka iwe chini ya 135/85. Kile kipimo cha duka la dawa, umesimama kwenye foleni, mkono unaning'inia, muuzaji anakuuliza unataka nini kingine, sikiamini kikiwa kizuri wala kikiwa kibaya.

Ukikuta 180/120 au zaidi, kaa, pumzika dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, muone daktari siku hiyohiyo au kesho yake; usimeze vidonge vitatu kwa mpigo wala usiweke kidonge chini ya ulimi, kwa sababu kuishusha ghafla nako kunaleta kiharusi. Lakini ikiwa pamoja nayo kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo umepinda, mkono au mguu umeishiwa nguvu, maneno yanakwama, macho hayaoni au kichwa kinauma kwa namna ambayo hujawahi kuiona, hapo ni hospitali papo hapo, usiku au mchana, wala asitokee mtu wa kukukamulia limao kwanza. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au uvimbe ukipanda mpaka usoni au ukilazimika kulala kwa mito mitatu ili upumue, usiulaumu tena amlodipini, kapimwe.

Na kitunguu saumu? Endelea kukila, kwenye mchuzi na kwenye kachumbari, kwa ladha yake. Kikiwa kingi kibichi kila asubuhi huchoma tumbo na hufanya damu ichelewe kuganda kidogo, kwa hiyo kama unatumia aspirini au wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, au una miadi ya kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari unakila, na hicho cha kutwanga ukiache wiki moja kabla.